Ukitaka kumpiga Vivaldi kisasa, anza na besi

Mara ya kwanza kumpeleka Vivaldi, yule mtunzi wa Italia wa zamani, kwenye steji nilifanya kosa ambalo naliona kwa kila kijana anayenitumia klipu yake siku hizi, yaani nilifunga pikapu (kile kidude cha kunasa sauti) kwenye violini nikamwambia mpiga dramu "we weka tu biti ya dansi, mi ntakuja juu". Ilikuwa harusini, na kipande ni ile sehemu ya mwisho ya Kiangazi kwenye Misimu Minne yake, ya dhoruba. Sasa ile inahesabiwa tatu tatu na jamaa anapiga nne, kiki inagonga dum dum dum dum, mi nashuka na noti kama nakimbizwa na mbwa, mara tunakutana kwa bahati mara tunaachana tena. MC akadhani tunapima mitambo, akatangaza keki.

Baada ya aibu ile ndo nikakaa chini nikasoma noti zenyewe. Misimu Minne ilichapishwa Amsterdam mwaka 1725, ni konseto (vipande vya violini moja mbele na bendi ya nyuzi nyuma) nne za mwanzo kwenye kitabu cha konseto 12, na mtindo wa zama hizo ni kwamba mstari wa besi unaandikwa ukiwa na vinamba, mpiga kinanda anajaza kodi mwenyewe palepale (kodi za muziki, yaani noti kadhaa zikilia pamoja, TRA watulie). Sio namba zile za kwaya za moja-nne-tano, hizi zinahesabu kutoka noti ya besi kwenda juu, ukiona 6 unaweka noti ya sita juu ya hiyo besi, basi, mengine utajua wewe na vidole vyako. Nilicheka peke yangu. Mzee wa watu aliacha kiti wazi tangu 1725, na kiti chenyewe kiko chini kwenye besi na kinanda, sisi wote tunang'ang'ania kukaa juu kwenye violini ambako kumeshajaa.

Kwa hiyo violini iache kama ilivyo, badilisha kilicho chini yake.

Anza na sehemu ya polepole ya Majira ya Baridi, ni fupi, dakika mbili hivi. Hapo mtu amekaa ndani anaota moto na nje mvua inanyesha, violini za nyuma zinadonolewa kwa vidole kuwa ndo matone. Yale matone mi nilimpa mpiga gitaa la umeme, nikamwambia aegeshe kiganja karibu na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapoegemea, ili nyuzi zisilie sana zitoe tk-tk-tk, gitaa la besi likashika noti ndefu, dramu hakuna kabisa. Mpiga dramu alinuna. Lakini siku hiyo ndo mara ya kwanza watu ukumbini waliacha kupiga stori. Na melodia ya juu usiipige kavu, wenyewe zamani walikuwa wanaipamba, kama umewahi kukaa karibu na mpiga fidla wa taarab unajua naongelea nini, ila pamba kidogo maana ukizidisha matone hayasikiki.

Mpiga dramu wako akichoka kununa mpe sehemu ya mwisho ya Majira ya Kuchipua. Ile ni ngoma ya wachungaji, iko kwenye 12/8, yaani mapigo manne na kila moja linagawanyika tatu, na besi imetulia inavuma noti moja kwa muda mrefu kuigiza zumari la mfuko wa ngozi. Mtu aliyekulia Pwani akisikia 12/8 mkono wake unaenda kwenye chakacha bila kuambiwa, mwache tu aende, hapo hamgombani.

Kingine, usifanye mazoezi na rekodi yoyote unayoikuta mtandaoni bila kukagua. Bendi nyingi zinazopiga kizamani zinatyuni noti ya A kwenye hezi 415 badala ya 440, yaani nusu toni chini, mi nilikaza na kulegeza nyuzi jioni nzima nikidhani sikio limeharibika, kumbe ilitakiwa nishushe tu kinanda hiyo nusu toni.

Riverbu, ule mwangwi wa mitambo, weka kwenye polepole tu, kwenye mbio inageuka uji.

Na ukirekodi, jua Vivaldi alifariki 1741 na noti zake ni za kila mtu, ila rekodi za watu na matoleo mapya sio zako, lile la mtunzi Max Richter la 2012, aliyeiandika upya Misimu Minne, kwa mfano lina mwenyewe, kwa hiyo usikate kipande cha mtu ukaweka kwenye biti yako, pigeni wenyewe hata kama violini ni moja, irekodi mara nne uzipange.