Noir Hutazamwa Gizani

Wengi huziacha filamu za noir ndani ya dakika 15 za mwanzo, na mara nyingi kosa si la filamu, ni la runinga. Filamu hizi za uhalifu za nyeusi na nyeupe, ambazo Hollywood ilizitengeneza kwa wingi miaka ya 1940 na 1950, zimejengwa kwa giza. Runinga iliyotoka dukani ikiwa imewekwa ing'ae kupita kiasi huligeuza giza hilo kuwa ukungu wa kijivu, na utamu wote unapotelea humo.

Kwa hiyo shika rimoti kwanza. Funga mapazia, zima taa iliyo nyuma yako isiakisi kwenye kioo. Kwenye mipangilio ya picha chagua Cinema au Movie, uachane na Vivid. Joto la rangi liwe Warm, la sivyo weupe utaegemea bluu. Picha ikiendelea kuwa na ukijani, shusha Color hadi 0. Filamu haina rangi, hupotezi kitu. Zima pia kile kipengele cha kulainisha mwendo, ambacho kila kampuni imekipa jina lake. Filamu hizi zilipigwa picha 24 kwa sekunde, na runinga ikianza kubuni picha za katikati, watu wanateleza badala ya kutembea.

Umbo la picha usiliguse. Noir nyingi zina upana wa 1.37 kwa kimo cha 1, hivyo kwenye kioo cha 16:9 karibu robo ya upana hubaki nyeusi pembeni. Ukiivuta picha ijae, nyuso zinanenepa. Ukiikuza, inakatwa juu na chini, na huko ndiko ziliko kofia na mikono. Katika noir, mkono ndio ulioshika bastola. Zaidi ya hapo, mistari hiyo nyeusi ya pembeni ni kipimo chako: simamisha filamu kwenye tukio la usiku, pandisha Brightness mpaka mistari ianze kupauka, kisha rudi hatua moja au mbili. Giza la filamu likaribiane na weusi wa mistari, lakini mikunjo ya koti jeusi iendelee kuonekana.

Nakala nayo ina mambo yake. Filamu ya dakika 68 iliyobanwa hadi MB 200 itakuonyesha vijiraba vinavyochezacheza kila penye kivuli, kwa sababu ubanaji huanza kutupa taarifa za sehemu zenye giza. Bora utumie bando kubwa zaidi mara moja. Na nakala zilizopakwa rangi baadaye ziepuke kabisa, maana mpiga picha alipanga taa zake akihesabu viwango vya kijivu, hakuhesabu rangi ya tai.

Sasa, uanze na ipi? Anza na Double Indemnity ya 1944, iliyoongozwa na Billy Wilder. Inakufundisha namna noir inavyofikiri. Ajenti wa bima anaingia ofisini usiku akiwa amejeruhiwa, anawasha kinasa sauti na kukiri: aliua kwa ajili ya pesa na mwanamke, na vyote viwili amevikosa. Dakika chache tu zimepita na muuaji umeshamjua. Kinachobaki ni kumtazama akijifunga kamba mwenyewe, fundo baada ya fundo. Bima ni ya dola 50,000, ila kifungu cha ajali za treni kinaifanya iwe 100,000, na tamaa ya hiyo nusu ya pili ndiyo inayopanga namna ya kuua. Kanuni za maadili za Hollywood, zilizokazwa mwaka 1934, zilitaka mhalifu asipone. Waongozaji wa noir waliligeuza sharti hilo kuwa injini: unajua atanaswa, unasubiri wapi.

Itazame sebule ya yule mwanamke kwa makini. Mwanga unapenya kwenye vipande vya pazia la dirishani na kumchora mwanamume mistari, kama nondo za jela zilizotangulia hukumu. Vumbi la kawaida halikuonekana kwenye picha, kwa hiyo mpiga picha John F. Seitz alitumia chembe laini za aluminiamu zikielea hewani. Kwa kawaida mtu humulikwa kwa taa tatu: kuu, ya kujazia, na ya nyuma. Noir huipunguza ile ya kujazia au kuiondoa kabisa, na nusu ya uso inazama.

Kisha kuna mlango wa nyumba ya yule ajenti, ghorofani. Unafunguka kwa nje, kwenye korido, kinyume na milango ya kawaida ya nyumba za kupanga. Ni kosa la ujenzi, ila bila kosa hilo mwanamke asingepata pa kujificha mkaguzi wa madai, anayefanya kazi na mpenzi wake, anapotoka. Umbali kati ya kukamatwa na kupona ni unene wa ubao tu.

Washa maandishi ya chini, kwani watu huongea haraka, na zima mbwembwe za sauti ya kuzunguka chumba; sauti ya asili ni ya mkondo mmoja, ukiitawanya inakuwa kama inatoka kisimani. The Big Sleep ya 1946 isiwe ya kwanza, hadithi yake imejisokota mno.

Filamu ya pili iwe Detour ya 1945, yenye dakika 68. Tafuta nakala iliyosafishwa mwaka 2018, kwa sababu nakala mbovu zake zimejaa mtandaoni. Ukimaliza, rudia matembezi ya wapenzi wawili New York usiku ukiwa umezima sauti. Ukungu umetanda kila upande na nguzo ya barabarani inatokea mara moja moja. Ukungu huo ulitumika kwa sababu bajeti haikuwa na mtaa wa kuonyesha.