Muulize Mzee wa Besi: Nichukue rekodi ipi?

SWALI: Shikamoo Mzee. Napuliza besi katika bendi ya matarumbeta ya usharika wetu. Mgeni mmoja aliniachia kwenye flashi rekodi tatu za koncheto ya tuba ya Mwingereza Vaughan Williams, yaani kazi ambayo tuba, besi yetu hii, inapiga peke yake mbele ya okestra. Kila rekodi ina mpulizaji wake: Catelinet, Fletcher na Jacobs. Mwalimu wetu anasema ya Catelinet ndiyo yenyewe, kwa kuwa ndiyo ya kwanza na mtunzi alikuwa bado hai. Masikio yangu yanakataa, ila naona haya kumbishia. Wewe ungechukua ipi?
*Mpuliza besi, Marangu*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza niambie, unasikilizia wapi? Kama ni spika ya simu, futa yote uliyoamua uanze upya. Spika ile haina ubavu wa kutoa sauti nzito. Unasikia fidla na filimbi, tuba yenyewe unaikisia tu. Tafuta spika ya maana, hata ile ya kwaya.

Mwalimu wako hajakosea kuiheshimu ile ya Catelinet, ya 1954. Okestra ya London Symphony ilikuwa inatimiza miaka 50, na Vaughan Williams, mzee wa miaka 81, akaamua zawadi yake iwe ya mpuliza tuba, mtu anayekaa nyuma kabisa, ambaye hakuna aliyewahi kumgeukia. Wapo waliodhani mzee anatania. Philip Catelinet akasimama mbele mwezi Juni, John Barbirolli akiongoza, na mwaka huohuo wakairekodi. Huyu Catelinet alilelewa katika bendi za Jeshi la Wokovu, kwa hiyo ni mtu wa ukoo wetu: kaanza na nyimbo za ibada kama wewe. Nampenda kwa hilo. Lakini katika rekodi ile namsikia mtu anayebeba gunia zito kwenye njia ambayo hakuna aliyeipita kabla yake. Anafika, ndiyo, ila jasho unalisikia. Na sauti ya mitambo ya wakati ule imefifia.

Mimi huwa sianzi na sehemu ya kwanza. Ile ina mwendo wa gwaride, na kila mpuliza besi anajua kutembea. Ya mwisho nayo ni mbio za vidole tupu, walsi yenye haraka ya mtu anayekimbilia basi. Nenda moja kwa moja sehemu ya katikati, Romanza. Vyombo vya nyuzi vinatangulia polepole, halafu tuba inaingia na wimbo ambao ungeweza kuimbwa na mama jikoni. Hapo ndipo nampimia mtu.

Nilipuliza besi miaka 26, nyingi kati ya hizo juu ya pikapu, harusi baada ya harusi. Siku moja tulipanda mlima tukipiga wimbo wa taratibu, pumzi ikaniishia katikati ya mstari. Bibi harusi aligeuka kunitazama. Tangu siku ile, nikisikiliza Romanza mikono yangu huwa tumboni. Nahesabu mpulizaji anavuta pumzi wapi. Bomba lile kubwa linameza hewa kama tanuri linavyomeza kuni. Anayevuta pumzi pale ambapo mwimbaji angevuta, huyo ameuelewa wimbo. Anayevuta pale pumzi ilipomwishia, huyo ni mimi juu ya pikapu.

Arnold Jacobs hapo hana mpinzani wa kumcheka. Alikaa na okestra ya Chicago tangu 1944 hadi 1988, na mapafu yake hayakuwa mazima. Ndiyo maana akawa mwalimu mkubwa wa pumzi, akiwaambia wanafunzi wafikirie kuimba na kuiacha hewa ipite. Katika rekodi yake, Daniel Barenboim akiongoza, sauti ni nene na tamu kama asali ya nyuki wadogo. Kwa miaka mingi nilisema hii ndiyo yangu, na kuna watu nilishindana nao hadi chai ikapoa.

Kisha nikampata John Fletcher kwenye kaseti ya kuazima. Okestra ni ileile ya London iliyozawadiwa kazi hii, ila sasa anaongoza André Previn. Fletcher anaingia kwenye Romanza bila kutangaza kwamba chombo chake ni kikubwa. Mke wangu alikuwa anachambua mchele, akauliza, “Huyo anaimba nani?” Hakuuliza ni chombo gani. Fletcher alifariki 1987 akiwa na miaka 46 tu, na bado sijampata wa kumweka juu yake. Kaseti sikuirudisha, mwenyewe kama unasoma, nisamehe.

Basi mimi nachukua ya Fletcher. Wewe usiibebe kwa sababu ni yangu. Huenda masikio yako yanakuvuta kwa Jacobs, nami sitakugombeza.

Kuhusu mwalimu, usimbishie mbele ya bendi. Mkimaliza mazoezi mwombe akuazime masikio yake, umpigie Romanza zote tatu bila kumtajia majina. Ya 1954 ataitambua kwa mikwaruzo, kwa hiyo mpigie ya mwisho. Akiishikilia hiyohiyo, mnunulie soda, mrudi kwenye nyimbo za Jumapili.