Panya mnene na panya mkimbiaji, je ni jeni?

SWALI: Asalam aleikum dokta. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Nimeskia kuna panya wa maabara wanakimbia usiku kucha na wengine wanakula na kulala tu mpaka wanafura, na ati yote ni jeni. Ni kweli? Nauliza kwa sababu binti yangu ni mnene na shuleni wamwita mvivu.

JIBU: Waleikum salaam mamangu. Swali zuri, na hilo la binti yako limeniuma, ndo manake nakujibu kwa urefu kidogo.

Ndio, ni kweli. Tuanze na wale wakimbiaji. Mwaka 1993 huko Marekani mtaalamu anaitwa Theodore Garland alichukua panya wa kawaida, akawawekea gurudumu kwenye vizimba, hakuna anayewalazimisha, anayetaka apande akimbie asiyetaka akae, wanapimwa siku 6 na hesabu inachukuliwa ya siku mbili za mwisho, halafu wale waliokimbia zaidi ndo wanazalishwa, na watoto wao vilevile, kizazi baada ya kizazi. Baada ya vizazi kama 16 hivi wakawa wanakimbia karibu mara tatu ya wenzao ambao hawakuchaguliwa. Na wanakula zaidi kuliko wenzao lakini mafuta mwilini ni kidogo! Hapo hakuna jeni moja ya mbio (jeni ni yale maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi), ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo, zingine kwenye misuli na zingine kwenye ubongo, mahali pale panapofanya kitu kiwe kitamu kukifanya.

Sasa yule mnene, na huyu ndiye nataka umjue vizuri. Mwaka 1949, kwenye maabara ya Jackson kule Bar Harbor, Marekani, alionekana panya aliyenenepa kupita kiasi, hao hufika hata mara tatu ya uzito wa kawaida, anakula hashibi, na hatembei. Ungemuona ungesema mvivu huyu. Baadaye mtafiti wa maabara hiyo hiyo, Douglas Coleman, akamuunganisha panya kama huyo na mzima, damu ikawa inapita kutoka kwa huyu hadi kwa yule, na mnene akapunguza kula. Kumbe kwenye damu ya mzima mna kitu ambacho yeye hana. Kitu chenyewe kilikuja kupatikana 1994 na kundi la mtafiti Jeffrey Friedman, New York, ni homoni inaitwa leptini, inatoka kwenye mafuta yenyewe kwenda kuuambia ubongo akiba ipo. Jeni yake ikiharibika ubongo unaamini mwili una njaa hata kama mafuta yamejaa, kwa hivyo unamwambia kula, na usizunguke ovyo, tunza nguvu. Akidungwa leptini anapunguza kula, anapungua, na anaanza kutembea tembea.

Umeona mamangu? Kule kukaa tu hakukuwa tabia mbaya, yule panya alikuwa anatii ubongo unaolia njaa. Watu wanaona mnene hatembei wanasema ndo sababu amenenepa, wakati pengine kitu kimoja kimeleta yote mawili.

Lakini usikimbilie kusema binti hana leptini, kwa binadamu hiyo ni nadra sana, watu wengi wanene wanayo tele ila ubongo hauiskii vizuri. Kwa wengi ni jeni nyingi ndogo ndogo na chakula cha nyumbani, chai ya sukari na mahamri asubuhi na jioni inaongeza hata kwa aliyezaliwa mwembamba. Kutembea naye mpaka Shela jioni kukipoa ni kuzuri, mradi iwe matembezi ya mama na mwana, isiwe adhabu.

Ila nikuulize, alianza kunenepa lini? Kama ni tangu mdogo kabisa, kabla ya kufika miaka mitano, na njaa yake ni ile ya kulia usiku ama kuficha chakula, mpeleke kwa daktari wa watoto na umwambie hivyo hivyo, njaa kwanza, uzito baadaye. Na kule shuleni nenda mwenyewe ukaongee na mwalimu.