Mtutu mfupi wa kunyatia kulungu: pima kabla hujakata

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kulungu huku Scotland, kila msimu naulizwa kitu kilekile, eti kaka nikate mtutu au niuache hivyohivyo? Mi huwa nauliza kwanza, bunduki yako kaliba gani, yaani upana wa tundu na risasi yake, na unawindia wapi, maana hayo mawili ndo yanaamua, sio picha ulizoona kwenye simu.

Mi nilianza na .308 ya mtutu wa inchi 24. Kule mlimani kwenye nyasi haikunisumbua hata kidogo, unatambaa kwa tumbo, unailaza bunduki vizuri, unafyatua. Shida ilianza nilipohamia kwenye misitu ya kupandwa, ile miti ya Sitka imebanana mpaka mchana kunakuwa giza. Inchi 24 ni kama sentimita 61, ukifunga sailensa ya kawaida unaongeza sentimita 15 au zaidi, sasa ukiining'iniza begani ule mdomo unapita juu ya kichwa chako na kila tawi linaushika. Siku moja nimemnyatia jike la roe, wale kulungu wadogo, karibu nusu saa, upepo unanipiga usoni yaani vizuri kabisa, nikainama kupita chini ya tawi, sailensa ikagonga mti mkavu, ko! Roe akishtuka anabweka kama mbwa, alibweka mara moja tu nikaona makalio meupe yanapotelea kwenye miti. Na ukiwa kwenye kile kiti cha ngazi cha kuvizia ndo usiseme, kuigeuza bunduki ndefu toka kushoto kwenda kulia bila kugonga chuma ni kazi kweli.

Nikaikata ikawa inchi 18 na kwa .308 sijajuta. Watu wanaogopa eti shabaha itapotea, hapana, unene ukiwa uleule mtutu mfupi ni mkakamavu zaidi, hautikisiki sana. Kinachopungua ni spidi, kwa sababu baruti inaisukuma risasi kwa njia fupi zaidi. Kwa .308 piga hesabu futi 20 mpaka 25 kwa sekunde kwa kila inchi unayotoa. Risasi ya greni 150 (greni ndo kipimo cha uzito wa risasi) ambayo boksi linasema futi 2,820 kwa sekunde, ukitoa inchi 6 unabaki na kama 2,680, nguvu yake ni karibu futi-pauni 2,400. Kwa mita 100 au 150 tunazopigia msituni hiyo inatosha na chenji inabaki.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Sheria ya Scotland, ile amri ya 1985, inataka risasi ya kulungu wakubwa kama yule mwekundu itoke mdomoni kwa futi 2,450 kwa sekunde na nguvu ya futi-pauni 1,750, uzito ulikuwa greni 100 ukashushwa mpaka 80 mwaka 2023. Wengi mnaanza na .243 kwa sababu haipigi bega, lakini ina baruti nyingi kwa tundu dogo kwahiyo ukikata inapoteza zaidi, kama futi 30 kwa kila inchi. Boksi linasema greni 100 inaenda 2,960, hiyo wamepima kwenye mtutu wa inchi 24, ukiufanya 18 unabaki na 2,780 hivi, nguvu kama 1,715, tayari uko nje ya sheria kwa kulungu mwekundu! England wanataka 1,700 kwahiyo kule unapita kwa kubahatisha, na kwa roe hapa Scotland inatakiwa 1,000 tu. Mi mwenyewe niliikata .243 ya kwangu bila kupima, nilipoiweka kwenye kronografu, kile kifaa cha kupima spidi ya risasi, ikasoma 2,740, hesabu ikaja 1,667, na msimu wa majike wekundu unaanza tarehe 21 Oktoba, wiki mbili mbele. Iliniuma sana, ikabaki bunduki ya roe mpaka nilipopata hela ya mtutu mwingine. Kwahiyo .243 iacheni inchi 22, hata 20 mi naiona imebana mno.

Hata .308 inaweza kukutega ukitumia risasi nzito, greni 180 boksi linasema 2,620, toa inchi 6 unabaki na 2,480 hivi, umepita mstari kwa futi 30 tu na asubuhi ya Januari baruti ikiwa ya baridi spidi inashuka tena. Azima kronografu, piga risasi kumi za aina ileile unayowindia, ndo uamue. Na chini ya sentimita 30 usifikirie kabisa, hiyo Uingereza nzima ni marufuku.

Kelele nayo, mtutu mfupi unatoa mlio na mwali mkubwa, sailensa ni lazima na masikio yako yazibe hivyohivyo, mfikirie na mbwa anayelala pembeni yako.

Kukata mpe fundi bunduki mwenye leseni na mashine ya kuchongea, sio msumeno wa nyumbani, kwasababu ukingo wa mdomo ndo kitu cha mwisho risasi inachogusa. Ukiipokea, toa risasi zote, fungua na komeo ulitoe kabisa, halafu chukua kijiti cha pamba cha masikioni, kivute taratibu toka ndani kuja nje kuzunguka ule ukingo wote. Pamba ikinasa nyuzi hata sehemu moja kuna kijino cha chuma kimebaki, mrudishie palepale kabla hujapoteza risasi kurekebisha darubini.