Maji yanayovuja si kuharisha

SWALI: Shikamoo nesi. Kaka yangu alianguka mnazi mwaka jana, akaumia uti wa mgongo, pingili ya kumi ya kifua. Anakaa siku 5 bila choo, kisha nguo zinachafuka majimaji. Tukimpa dawa ya kuzuia kuharisha, tumbo linajaa. Papai na pumba za ngano anakula kila siku. Tuongeze?

JIBU: Marahaba, dada. Msiongeze, na hiyo dawa ya kuzuia acheni leo. Kaka yako haharishi, amefunga choo. Kinyesi kigumu kimeziba njia, majimaji yanapenya pembeni. Pumba juu ya kizibo zinazidisha mzigo tu. Mpelekeni kituo cha afya aondolewe kilichoziba. Akitapika, tumbo likikaza au akitoa damu, msingoje kesho.

Baada ya hapo, ratiba. Kwa jeraha la pingili ya kumi, kwa kawaida utumbo hubaki na uwezo wa kusukuma, ila hausikii amri ya ubongo. Inabidi uchokozwe. Anywe chai ya moto na kitafunwa; chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana nao huamka. Dakika 20 hadi 30 baadaye akae kwenye kiti cha choo chenye mto laini. Glavu, jeli ya kutosha, kidole kiingie taratibu kwenye njia ya haja kubwa na kuzungushwa kwa upole sekunde 15 hadi 20. Kitolewe, asubiri dakika 5 hadi 10, arudie hadi pasishuke kitu. Kucha ziwe fupi hata kama kuna glavu: hasikii maumivu, hivyo hatajua kama anachubuka. Iwe kila siku au siku moja baada ya nyingine, saa ile ile.

(Mwenye jeraha la pingili ya sita ya kifua au juu zaidi: kichwa kikianza kugonga ghafla na jasho kumtoka usoni, acheni hapo hapo, mkalisheni wima, tafuteni msaada. Presha inaweza kupanda vibaya.)

Chakula kirudi kidogo kidogo: dona, mchicha, papai. Badilisheni kitu kimoja, mtazame wiki nzima kabla ya kugusa kingine. Na maji je? Wengi huyakwepa wakiogopa mkojo, choo kikawa kama mawe. Kama anatumia mpira wa mkojo, kiasi cha maji apangiwe na nesi wake. Mwonyesheni daktari dawa zake zote pia. Dawa za maumivu kama amitriptilini na tramadoli hufunga choo.

Hukusema nani atafanya kazi hiyo ya kidole. Mikono ya kaka yako ni mizima. Ombeni afundishwe ajifanyie mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa.