Muulize Mfamasia: Kapsuli ya chunusi, kifua kinachounguza na jua la Mwaloni

*Shikamoo mama mfamasia. Nina miaka 22, naanika dagaa pale Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Chunusi zinanisumbua tangu sekondari, zile kubwa zenye usaha, kwenye taya na mgongoni. Daktari wa ngozi aliniandikia doksisaiklini ya miligramu 100, kapsuli moja kila siku kwa miezi mitatu, na jeli ya kupaka usiku. Hii ni wiki ya tatu na chunusi zipo palepale. Kapsuli namezea maziwa mgando kidogo, kwa sababu bibi alisema dawa kali bila maziwa inakwangua tumbo. Nameza saa tano usiku ndipo nalala, maana alfajiri natoka mapema. Tangu juzi ugali ukishuka nausikia unakwama katikati ya kifua na kuunguza. Nikadhani ni vidonda vya tumbo, natafuna vidonge vya magneziamu. Uso nao umekuwa mweusi mashavuni na unachoma nikiwa juani. Je, dawa hii imenikataa?*
— Binti wa Kirumba

Marahaba mwanangu. Sidhani kama dawa imekukataa, ila tuanze na kifua, mengine yatasubiri. Leo usimeze kapsuli nyingine. Kesho rudi kwa daktari aliyekuandikia umweleze hivyo hivyo ulivyonieleza mimi. Na ikitokea kabla ya hapo ukashindwa kumeza hata maji, ukatapika damu, au choo kikawa cheusi tii, usingoje kesho: nenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando usiku huohuo.

Ninachokiona kwenye barua yako ni hiki. Kapsuli ya doksisaiklini, ambayo ni antibiotiki, yaani dawa ya kuua vijidudu, ni nyepesi na inanata. Ukiimeza kwa mafunda mawili ya mgando kisha ukajilaza, inaweza kuganda kwenye umio, ule mrija unaoshusha chakula tumboni, na kuyeyukia hapohapo. Dawa hii ikiyeyuka ina ukali wa asidi, na ngozi laini ya umio haina kinga ya kuihimili. Inachubuka. Ndiyo maana ugali unausikia ukipita. Watu wengi wenye dalili kama zako huambiwa wana vidonda vya tumbo, wakati kidonda kipo juu zaidi na kimetokana na namna ya kumeza. Habari njema ni kwamba mara nyingi kinapona chenyewe kwa siku kadhaa hadi wiki chache, dawa ikisimamishwa. Daktari anaweza kukupa kitu cha kupunguza asidi wakati unapona, kisha akaamua kama unarudi kwenye kapsuli au anakubadilishia.

Akikurudisha, basi nakuomba uifanye hivi. Usiimeze tena wakati wa kulala. Imeze jioni ukishamaliza kula, tuseme saa moja, ukiwa umekaa wima au umesimama. Kunywa kwanza funda moja la maji ili koo lilowane, ndipo umeze kapsuli na glasi nzima ya maji, yote, usiache nusu. Kisha kaa wima si chini ya nusu saa. Mimi ningependa iwe saa nzima. Osha vyombo, kaa barazani na wenzako, fanya lolote isipokuwa kulala.

Sasa maziwa. Bibi alikuwa na nia njema, na kwa dawa nyingine ushauri wake usingekuwa na shida, ila kwa hii una kasoro. Doksisaiklini hushikana na kalsiamu iliyomo kwenye maziwa, na kikishashikana kitu hicho utumbo hauwezi kukinyonya vizuri. Unakitoa chooni. Kwa hiyo kila usiku ulikuwa unapoteza sehemu ya dozi yako. Magneziamu unayotafuna ni mbaya kuliko maziwa katika hili, na ndiyo inayonisikitisha zaidi: dawa imekuchubua kifua, ukatafuta nafuu, na hiyo nafuu ikazidi kuidhoofisha dawa. Dawa zote za kiungulia zenye magneziamu, alumini au kalsiamu zinafanya hivyo. Vidonge vya damu, kwa maana ya vile vya madini ya chuma, navyo vivyo hivyo, na vyenye zinki. Udongo wa kula pia, kama nawe ni mmoja wa wanaoupenda. Najua unauzwa hatua chache kutoka hapo unapoanika. Weka nafasi ya saa mbili hadi tatu kati ya dawa na vitu hivyo, na kwa vidonge vya damu weka nafasi kubwa kadiri siku inavyoruhusu. Maziwa yako yanywe asubuhi, hakuna aliyekukataza. Chakula cha kawaida, ugali na sato na mchicha, hakina neno. Kinasaidia hata kichefuchefu kisikupate. Dagaa wanaliwa na mifupa yake, kwa hiyo wana kalsiamu nyingi. Sikuambii uwaache, ila kama mlo wa jioni unaweza kuwa wa kitu kingine, chagua kingine, dagaa wale mchana.

Uso: doksisaiklini huifanya ngozi ishindwe kuvumilia jua. Wengi hudhani hilo ni tatizo la Wazungu. Si kweli. Ngozi nyeusi nayo inaungua, na ikishaungua inaacha weusi unaokaa miezi. Wewe unashinda juani pale Mwaloni, na mchanga na maji ya ziwa vinakurudishia mwanga usoni kutoka chini. Kumeza usiku hakukuondolei hilo, dawa inakaa mwilini mchana kutwa. Vaa kofia ya ukili yenye ukingo mpana, siyo kepu, maana kepu inaacha mashavu na masikio. Jifunge kanga shingoni, vaa mikono mirefu. Ukiweza kupata mafuta ya kukinga jua yenye namba 30 au zaidi, paka asubuhi na urudie mchana. Ukiona malengelenge, mwonyeshe daktari kesho hiyohiyo.

Kuhusu chunusi kubaki palepale, wiki tatu ni chache, hata kwa aliyemeza sawasawa. Mabadiliko ya kuonekana huanza wiki ya sita hadi ya nane, na daktari hupima matokeo karibu na wiki ya 12. Ikifika miezi mitatu usijiongezee mwenyewe, rudi akuone. Jeli usiiache. Kama ni benzoili peroksaidi, ndiyo inayosaidia vijidudu vya chunusi visizoee antibiotiki, halafu ndiyo utakayobaki nayo kapsuli zikiisha. Inachujua rangi ya kitambaa, kwa hiyo lalia foronya kuukuu.

Mwisho nina swali kwako, na sikulaumu kwa jibu lolote. Je, unapaka mkorogo? Krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi kali, na steroidi yenyewe huzalisha chunusi. Kama jibu ni ndiyo, mwambie daktari. Akijua ataweza kukupangia namna ya kuiacha, kwa sababu ukiikata ghafla uso unaweza kulipuka vibaya kuliko mwanzo. Na ukiwa kwenye dawa hii, kichwa kikikuuma sana huku macho yanaona ukungu au vitu viwili viwili, ni safari ya hospitali, si ya panadoli.

*Habari dada. Mimi ni mvuvi wa dagaa, kambi ipo Ukerewe. Nilipata usaha na maumivu ya kukojoa, kituo cha afya wakanichoma sindano na kunipa doksisaiklini kapsuli 14, bahasha imeandikwa 1×2. Siku ya tatu nimepona kabisa. Zilizobaki nimefikiria nimpe mke wangu ili naye apone, maana walisema naye anahitaji. Je, ni sawa?*
— Mvuvi

Kaka, nashukuru kwamba umemfikiria mke wako. Wengi hawamfikirii, wanamficha. Lakini hapana, usimgawie.

Hesabu yenyewe inakataa. Kapsuli 14 kwa 1×2 ni moja asubuhi na moja usiku, siku saba. Ukimeza siku tatu na yeye akameza nne, mtakuwa wagonjwa wawili mliotibiwa nusu nusu. Usaha kukauka maana yake vijidudu vimepungua, haina maana vimekwisha, na klamidia hasa, mmoja wa magonjwa ya zinaa yanayoleta usaha huo, inaweza kukaa kimya mwilini bila dalili yoyote. Kwa mwanamke inaweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiziba, naye asijue mpaka siku anapotafuta mtoto. Kwa hiyo maliza zako. Yeye mpeleke kituoni apimwe na apewe dozi yake mwenyewe. Kuna sababu nyingine ya kumpeleka: akiwa mjamzito, hata mimba changa ambayo hamjaijua, hii si dawa ya kumpa, ataandikiwa nyingine. Mpaka wote wawili mmalize na zipite siku saba, msikutane kimwili. Na kama kuna mwenza mwingine, kwenye kambi hizi nazijua safari zenu, naye aambiwe. Si lazima utoe maelezo marefu; mwambie tu aende kupima.

Kwa kuwa unavua usiku, panga saa zako zifuate kazi. Meza moja jioni baada ya kula, kabla hamjawasha taa na kuondoka, nyingine asubuhi mkisharudi, ila usimeze ndipo ujilaze usingizi wa mchana. Kula kwanza, kaa, zungumza na wenzio, lala baadaye. Beba maji yaliyochemshwa kwenye chupa. Maji ya ziwa usiyachote kwa kumezea dawa. Ukisahau kapsuli, imeze mara ukumbukapo, isipokuwa kama saa ya inayofuata imekaribia; hapo iache uliyosahau uendelee. Usimeze mbili kwa pamoja.

*Mama mfamasia, mwanangu ana miaka sita, anakohoa na mafua yanamtiririka. Jirani ana vidonge vya rangi mbili vilivyobaki, anasema nimpe nusu nusu. Pia huwa tunafungua unga wake na kumwagia kwenye kidonda. Tuendelee?*
— Mama wa Igoma

Mama, msimpe. Dawa za jamii ya tetrasaiklini, na nyingi za hizo za rangi mbili zilizozoeleka mitaani ni za jamii hiyo, huingia kwenye meno yanayokua na kuyatia rangi ya njano au kahawia isiyotoka kwa mswaki wala kwa dawa yoyote ya kusugua. Ndiyo maana kwa kawaida hazitolewi kwa watoto walio chini ya miaka minane. Kuna magonjwa makali ambapo daktari anaweza kumpa mtoto doksisaiklini kwa muda mfupi, lakini huo ni uamuzi wake, siyo wa jirani. Isitoshe, mafua na kikohozi cha namna hiyo kwa kawaida ni virusi, na antibiotiki haiui kirusi. Mpe maji mengi, uji, apumzike. Akianza kupumua kwa kasi, mbavu zikibonyea ndani, akishindwa kunywa au homa ikipanda, mwahishe kituo cha afya.

Unga kwenye kidonda acheni. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kifunikwe. Na hizo zilizobaki kwa jirani ziangalieni tarehe: tetrasaiklini iliyoharibika kwa kukaa imewahi kudhuru figo za watu. Zirudisheni famasi, msizitupe jalalani watoto wakaziokota.

*Nameza vidonge vya majira na nimeandikiwa doksisaiklini. Nimeambiwa nitashika mimba.*
— Msomaji, Nyegezi

Doksisaiklini haivunji nguvu za vidonge vya majira. Antibiotiki inayojulikana kuzivunja ni rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Ila ukitapika au kuharisha sana, kidonge cha siku hiyo huenda kisifanye kazi, basi tumieni kondomu mpaka utulie na kwa siku saba zaidi.

*Niliumwa koo na mafua. Nikaenda famasi moja hapa Nyakato kununua antibiotiki ileile niliyopewa mwaka jana, fedha taslimu mkononi. Muuzaji akakataa, anataka cheti cha daktari. Mteja anafukuzwa namna hiyo kweli?*
— Mfanyakazi wa kiwanda

Ndugu yangu, naelewa ulivyojisikia, umetoka kazini umechoka na koo linauma. Lakini yule muuzaji alikutendea haki, na nasema hivi nikijua kwamba angeweza kuchukua fedha yako na kukupa. Antibiotiki ni dawa za cheti. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel kwamba mtu anayejinunulia na kumeza kidogo kidogo atawafundisha vijidudu kuihimili dawa. Ndicho tunachokiona leo, tunaita usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Na kijidudu sugu hakibaki kwa aliyekizalisha, kinahamia kwa mtoto wake, kwa abiria mwenzake kwenye daladala, kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji wodini.

Tena dawa ya mwaka jana iliandikwa kwa ugonjwa wa mwaka jana. Koo linaloumwa pamoja na mafua kwa kawaida ni virusi, linaisha lenyewe ndani ya wiki moja hivi. Kwa sasa sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kunywa maji ya kutosha, na parasetamo kama ilivyoandikwa kwenye pakiti. Ila kama una homa kali bila mafua wala kikohozi, mafindofindo yamevimba yana usaha, au huwezi kumeza mate, nenda ukaonwe na daktari. Akikuandikia, rudi kwa muuzaji yuleyule, na kabla hujaondoka dirishani muulize: naimeza kabla au baada ya kula, na kitu gani nisikichanganye nayo? Mtajie kila unachotumia, hata cha kiungulia, hata cha mitishamba.