Barua kwa mwanangu: kabla hujawatoa watoto shule

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Huku Tanga wote hatujambo. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unataka kuwatoa wajukuu zangu shule uwafundishe mwenyewe hapo Bagamoyo, unauliza uanzie wapi. Darasa limefurika, mume wangu mdogo yuko la pili na kusoma bado anabahatisha, na mke mwenzangu wa la nne anarudi na madaftari yenye vema tupu, ukimuuliza alichosoma hakijui.

Anza na sheria, ubao baadaye. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto aliyefika umri wa shule na ahakikishe anahudhuria. Ukiwabakiza nyumbani kimya kimya, mtendaji wa mtaa akija kupiga hodi usimlaumu jirani. Halafu kuna mitihani. Upimaji wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza msingi mtoto huufanya kupitia shule iliyosajiliwa, huwezi kumshika mkono ukampeleka mwenyewe. Kidato cha Nne kina watahiniwa wa kujitegemea, sawa, lakini nao wanatakiwa kwanza wawe wamefaulu upimaji wa kidato cha pili au Mtihani wa Maarifa, huo watu wanaouita QT. Wako wanaofuata mitaala ya nje kama ya Cambridge. Ada zake zinapigwa hesabu kwa pauni, na mfuko wako naujua.

Kwa hiyo nasema hivi: majina yao yabaki shuleni, wewe fundisha jioni na siku za mapumziko. Najua sicho ulichotaka kusikia. Lakini nimeshika chaki mpaka nimestaafu, na mtoto wa la pili asiyejua kusoma, mara nyingi alichokosa ni mtu wa kukaa naye ubavuni nusu saa. Mwalimu mwenye watoto tisini mbele yake hiyo nusu saa ataitoa wapi?

Huyo mdogo, dakika ishirini kila siku zinamtosha. Usimkaririshe majina ya herufi, mpe sauti: ma, me, mi, mo, mu, kisha maneno yanayotokana nazo, kisha sentensi fupi. Mkumbushe kwamba madrasa anaifanya kazi hiyohiyo, kuunganisha herufi na irabu yake, na huko hakwami. Hata dh, th na gh zinazowatoa jasho wenzake, yeye ulimi wake umeshazizoea. Akichoka, funga daftari. Na hayo madawati unayotaka fundi akuchongee, achana nayo. Mkeka upo.

Mkubwa mpeleke pwani. Nasema kweli. Mpe daftari, aandike kila siku saa ambayo maji yamejaa, kwa muda wa mwezi mzima. Siku zile asizoweza kwenda awaulize wavuvi pale sokoni, hawatamnyima jibu. Ataona maji yanachelewa kila siku kwa karibu dakika hamsini, na hapo atalazimika kujumlisha saa na dakika, hesabu ambayo wengi wao hukwama kwa sababu wamezoea kubeba kumi, si sitini. Kisha mwambie aandike na mwezi ulivyo angani. Bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, litamjia mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo, mwezi ukiwa nusu. Usimwambie mapema! Mwache alione mwenyewe kwenye daftari lake, ndipo umuulize kwa nini. Mwisho aandike insha ya ukurasa mmoja. Hapo amepata hesabu, sayansi na Kiswahili, na hujanunua kitu zaidi ya daftari. Hesabu za sehemu, nusu na robo, mfundishie jikoni: vibaba vinne ndiyo pishi, kibaba kimoja ni robo, akupimie unga wa vitumbua vya nusu pishi. Historia mnayo mlangoni, magofu ya Kaole na ile Boma ya Wajerumani, mtakwenda likizo.

Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao yao. Fuata muhtasari wa masomo wa darasa la kila mmoja, usije ukamfundisha unachokipenda wewe ukaacha anachopimwa.

Ikiwa baada ya muhula mzima bado utataka kuwatoa kabisa, nenda kwa mwalimu mkuu, kisha kwa afisa elimu kata, uulize mitihani wataifanyia wapi. Jibu ulipate wakiwa bado wamo shuleni.

Na kuna jambo hukuniandikia. Baba yao anasemaje? Wewe uko dukani mpaka saa kumi, yeye anarudi usiku. Wakibaki nyumbani tangu asubuhi, atakayekaa nao ni nani? Kama ulikuwa unanihesabu mimi, sema, nijue mapema. Nina kuku na nina miguu inayouma.

Mama yako